Mwalimu wa Bombo na Celica mbili: kisa cha kununua gari la spoti kuukuu kwa milioni 20

Mwalimu huyu anafundisha fizikia katika sekondari moja upande wa Bombo, kaskazini ya Kampala. Amezaliwa na kukulia hapohapo, nyumbani Kinubi, barabarani Kiswahili, na tangu utotoni hana gari jingine moyoni ila Toyota Celica. Serikali ilipowapandishia mshahara walimu wa sayansi wenye shahada mwaka 2022, hadi milioni 4 kwa mwezi, alianza kuweka akiba. Alipokuja kuniona alikuwa na shilingi milioni 20 mkononi, hana mkopo na hataki kuusikia. Shuleni anakwenda kwa boda na ataendelea hivyo. Gari alilitaka kwa kulipenda tu. Nimeona wengi wakimcheka mtu wa namna hiyo, na sioni cha kucheka: fedha ni jasho lake, na anayelipenda gari hulitunza.

Swali lake lilikuwa moja: "Fundi, milioni 20 inatosha?"

Nilimwambia inatosha, kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo ninalolitetea katika uchambuzi huu. Kwa gari la aina hii, hapa Uganda, nunua bodi na karatasi kwanza. Injini ifuate baadaye. Najua watu wetu hufanya kinyume: wanakuja na makanika, anawasha, anasikiliza, anakanyaga mafuta, anatikisa kichwa, na pesa zinahesabiwa. Kwa Premio au Noah njia hiyo inaweza kukufikisha. Kwa Celica ya miaka ya tisini itakuacha njiani, na sababu inaanzia kwenye sheria.

Mwaka 2018 Bunge lilibadilisha Sheria ya Usalama Barabarani, na gari dogo lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe halikuruhusiwa tena kuingizwa nchini. Celica anayoipenda mwalimu, ile ya taa nne za duara, ilitengenezwa kati ya 1993 na 1999. Kwa hiyo hesabu imefungwa. Zilizomo nchini ndizo hizo, na kila moja inayopinduka au kukatwakatwa kuwa chuma chakavu haina wa kuiziba nafasi yake. Mtu atasema aagize gari la spoti jipya zaidi, Toyota 86 kwa mfano, ambayo ilianza kuuzwa 2012. Ukishaweka bei ya Japani, meli hadi Mombasa, ushuru, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na tozo ya mazingira ya magari yaliyotumika, milioni 20 haifiki hata nusu ya safari. Tukabaki na kilichopo.

Na kilichopo lazima ukijue kwa jina lake kamili. Wengi wakisikia Celica wanaona mashine za Safari Rally. Wana haki, kwa sababu Celica ilishinda Safari mara nane: 1984, 1985, 1986, 1990, kisha miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995, na ule wa 1994 ukaletwa na Ian Duncan wa Kenya. Lakini zile za kuanzia 1990 zilikuwa GT-Four, zenye turbo na kuvuta kwa magurudumu yote manne. Katika umbo hili la taa nne, GT-Four ni chesisi ST205. Ambazo utakutana nazo sokoni kwetu mara nyingi ni ST202, zisizo na turbo, zinazovuta kwa magurudumu ya mbele. Na ST202 nayo ina ndugu wawili wakuu. SS-I ina injini 3S-FE, ile ile tuliyoizoea kwenye Carina, Corona, Caldina na Ipsum, nguvu farasi 140 hivi. SS-II ina 3S-GE, ambayo katika matoleo ya mwanzo ina farasi 180 kwa gia za mkono. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia "hii ni Celica ya mbio" hajakwambia kitu.

Mwalimu alitaka SS-II ya gia za mkono. GT-Four alikubali mwenyewe kuiacha. Turbo ya Kijapani ya wakati ule ilipangwa kwa petroli yao ya premiamu yenye oktani karibu 100, na pampu zetu haziuzi mafuta hayo. Mtu asiye na fedha za kuunda injini upya asiiguse.

Gari la kwanza: jekundu, Kampala

Alikuwa ameshaliona kabla ya kunijia, na ameshalipenda, jambo ambalo ni baya kwa mnunuzi yeyote. Jekundu linalong'aa, rimu za inchi 18, sailensa ya mngurumo, viti vimeshonwa upya. Bei milioni 16. Injini iliwaka kwa mguso mmoja, na sikuona moshi wala kusikia mlio mbaya. Angekuwa na makanika wa kusikiliza tu, siku ile ile lingelala Bombo.

Mimi nilianza na sumaku. Ni sumaku ndogo ya spika, nimeifunga kwa leso ili isikwaruze rangi. Ukiipitisha juu ya bati zima inanata na kusita kidogo kila unapoivuta. Kwenye mlango wa kulia ilinata vizuri. Kwenye kwata ya nyuma kulia, juu ya gurudumu, iliteleza na kuanguka mkononi mwangu. Nikarudia, ikaanguka tena, eneo la upana wa sahani. Hapo chini ni puti, ile plasta ya kuzibia bati lililobonyea, na nene. Nikafungua buti, nikainua zulia na kutoa tairi ya akiba. Shimo la tairi lilikuwa limepakwa lami nyeusi mpya kote, kazi ambayo mtu haifanyi bila sababu. Mpira wa kioo cha nyuma ulikuwa na vumbi la rangi nyekundu pembeni, maana yake lilipigwa rangi bila kutoa kioo.

Ajali ya nyuma peke yake isingenifanya nikimbie. Lililonikimbiza lilikuwa mbele. Toyota za soko la Japani hazina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 kama za Ulaya na Marekani. Namba ya chesisi huanza na jina la modeli, na imegongwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dashibodi. Kipande chenye namba hiyo kilikuwa na mstari wa kuchomelea ukikizunguka, umesagwa na kupakwa rangi. Kwa macho ya kawaida huuoni. Ukipitisha kidole unausikia. Kibati cha modeli nacho kilikuwa na ripiti mpya zinazometa kwenye gari la zaidi ya miaka 25.

Sikumshtaki muuzaji na sikuuliza maswali. Kipande cha namba kinaweza kuwa kimehamishwa kwa sababu nyingi, na tangu 2018 mojawapo inaeleweka wazi: gari lisiloweza kusajiliwa huvalishwa jina la gari lililokufa. Iwe ni hivyo au sivyo, siku askari akilikagua, au siku mwalimu akitaka kuliuza, mzigo ni wake. Kisha logibuku, kitabu cha usajili wa gari, ikatolewa. Ilikuwa na jina la mtu wa tatu. Muuzaji akasema mwenye jina alifariki, lakini "familia haina shida". Gari la marehemu ni mirathi. Bila mtu aliyepewa na mahakama barua za kusimamia mirathi hiyo, hakuna anayeweza kusaini uhamisho, hata familia ikiwa na moyo mwema namna gani.

Njiani kurudi mwalimu alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Lakini injini ni nzima, fundi." Ni nzima kweli. Injini nzima ya familia ya 3S utaikuta imekaa sakafuni Kisekka, soko la vipuri la Kampala, au utaelekezwa Ndeeba, ukiwa na pesa mfukoni na subira kidogo. Kipande cha chuma chenye namba halali hakiuzwi kokote.

Gari la pili: Walukuba, Jinja

La pili lilitokana na mtu wa reli. Jinja bado ina wazee wengi waliofanya kazi reli, na kwao Kiswahili ndicho lugha ya kazi tangu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Mzee huyu anakaa Walukuba. Celica ililetwa na mwanawe kutoka Japani kabla ya sheria kubana, mwana akaenda kuishi nje, gari likabaki chini ya mwembe.

Kwa sura lilikatisha tamaa. Lilikuwa jeupe lililopauka hadi kuwa kama chaki, tairi zimepasuka pembeni, taa moja ya mbele ina ufa. Mzee alisema ukweli bila kuulizwa: "Linachemsha. Nilipoona linachemsha nikaliacha, sikulilazimisha." Maneno hayo mawili ya mwisho yalikuwa na thamani kubwa kuliko rangi yote ya lile jekundu, maana injini zenye hedi (kichwa cha juu cha injini) ya alumini huuawa na dereva anayesema "tutafika tu".

Sumaku ilinata kila mahali, kuanzia boneti hadi buti. Shimo la tairi ya akiba lilikuwa na rangi ya kiwandani na hata karatasi ya maandishi ya Kijapani. Namba ukutani, namba kwenye kibati na namba kwenye logibuku zilikuwa moja, na namba ya injini kwenye bloku ililingana na iliyoandikwa. Hili la mwisho ni adimu kwetu, kwa kuwa injini ikifa watu hubadilisha na kuendelea na safari bila kuiarifu ofisi ya usajili. Kuhakikisha kuwa kweli ni 3S-GE nilitazama kifuniko cha taimingi belti. Kwenye 3S-FE belti inazungusha kemu (mhimili unaofungua vali) moja tu, na ya pili inasukumwa na gia ndani ya hedi. Kwenye 3S-GE belti inazungusha kemu zote mbili, kwa hiyo juu kuna puli mbili kubwa na kifuniko ni kipana. Hiki kilikuwa kipana.

Nilipiga magoti kuangalia miguu ya mbele pia. Baadhi ya SS-II zilitoka na mfumo wa Toyota uitwao Super Strut, ambao kwenye kona ni mtamu lakini boljointi zake ni za pekee, na kuzipata Kampala ni mateso. Hili lilikuwa na shokabu za kawaida. Mwalimu alisikitika kidogo, mimi nilifurahi.

Kutu ilikuwepo mahali pamoja. Majani ya mwembe yalikuwa yamejaa chini ya waipa, mifereji ya maji ikaziba, na maji ya mvua yakawa yanalala pale chini ya kioo cha mbele. Nilitoa majani kwa mkono hadi nikafika kwenye bati. Kulikuwa na kutu ya juu juu upande wa kushoto, bisibisi haikupenya. Ingepenya, ningemwambia mwalimu tufikirie upya, kwa sababu kazi ya pale inataka kutoa dashibodi nzima.

Kisha injini. Chini ya kifuniko cha oili kulikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Kwenye rejeta, injini ilipowashwa kwa dakika chache, mapovu yalipanda bila kukoma. Nikafunga kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, silinda moja baada ya nyingine: ya kwanza paundi 170, ya pili 85, ya tatu 90, ya nne 175. Soma namba hizo kwa makini, ndizo kiini cha kisa hiki. Pete za pistoni zikichakaa, silinda zote hushuka, kila moja kwa kiasi chake. Hapa mbili zilizo jirani zimeshuka karibu sawa, na za pembeni ni nzima. Hiyo ni gasketi ya hedi iliyopasuka katikati ya silinda ya pili na ya tatu, pumzi inatoka hapa inaingia pale, na maji yameingia mchezoni. Ni kazi inayojulikana na yenye gharama inayokadirika.

Bei na karatasi

Mzee alitaka milioni 11. Kuna mafundi ambao hapa wangemwambia injini imekwisha, gari ni skrepa, chukua milioni 4. Sikubaliani nao kabisa. Mzee wa watu amesema ukweli, naye anastahili kuambiwa ukweli. Nilimwonyesha namba za kompresheni, nikamweleza ni gasketi, nikamtajia ninachokadiria kutengeneza pamoja na tairi na taa. Mwalimu akasema kwa adabu, "Mzee, nikikulipa 11 sitabaki na cha kulitengeneza, na nitaliacha chini ya mwembe mwingine." Wakazungumza wenyewe, chai ikaletwa, wakafika milioni 7 na laki 8.

Mzee alikuwa na sababu yake ya kuuza sasa. "Kitabu kina jina langu," alisema. "Nikiwa hai nasaini. Nikishafariki, mtasumbuka mahakamani kwa ajili ya gari bovu." Baada ya lile jekundu, mwalimu alimwelewa vizuri sana.

Kabla ya kulipa tuliangalia mambo mawili. La kwanza ni kama gari limewekwa rehani. Wakopeshaji wengi hapa hushika logibuku, na tangu Sheria ya Dhamana za Mali Inayohamishika ya 2019 kuna rejesta yake chini ya URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua. Ilikuwa safi. La pili ni kuthibitisha rekodi ya usajili wenyewe, ambao siku hizi uko Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi baada ya kutoka Mamlaka ya Mapato. Mkataba wa mauzo uliandikwa, mashahidi wa pande zote wakasaini, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) akagonga muhuri, nakala za vitambulisho na namba za mlipakodi zikaambatishwa. Sehemu kubwa ya pesa ililipwa siku ile kupitia benki. Laki 8 zilibaki hadi uhamisho ukamilike, na mzee hakulichukia jambo hilo kwa sababu liliandikwa mkatabani.

Injini, kisha hesabu

Hapa tulibishana. Makanika rafiki wa mwalimu alishauri 3S-GE itolewe, iwekwe 3S-FE ya Ipsum, siku mbili gari linatembea. Kwa bei hana kosa. Lakini SS-II ikivuliwa 3S-GE imepungukiwa farasi 40, na kilichobaki ni Carina yenye milango miwili. Tena namba ya injini kwenye logibuku isingelingana, na usafi wa karatasi tulioulipia Jinja ungechafuka wiki ya kwanza. Nilisimama kidete hedi itolewe na kupimwa.

Ilipimwa kwa rula ya chuma na feleji, vile vijibati vyembamba vya kupimia mwanya. Ilikuwa imepinda milimita 0.15, na gasketi mpya inataka uso ulionyooka. Bloku ilikuwa sawa. Hedi ikasawazishwa kwenye mashine, vali zikasagwa, gasketi za 3S-GE zikaagizwa kutoka nje kwa kuwa Kisekka walikuwa na za 3S-FE tu. Taimingi belti, pampu ya maji na thamostati zilibadilishwa papo hapo, kwani kila kitu kilikuwa kimeshafunguliwa. Rejeta ilikuwa imeziba nusu. Ndiyo iliyoanzisha ugonjwa, na mtu akibadilisha gasketi akairudisha rejeta ile ile, atafungua hedi tena kabla ya mwaka. Kazi yote ya injini ilikula milioni 2 na laki 6.

Kulivuta gari kutoka Jinja, uhamisho na bima ya mtu wa tatu vilikula kama laki 9. Bushi, shokabu na boljointi, milioni 1 na laki 9. Tairi nne za inchi 15, milioni 1 na laki 6. Breki, laki 7. Jumla pamoja na bei ya kununua ni milioni 15 na nusu. Mwalimu amebaki na milioni 4 na nusu, na nimemkataza kuzigusa. Gari la umri huu litadai kitu tena mwaka huu: klachi, hozi, pengine altaneta. Aliyelinunua lile jekundu kwa 16, kama kuna aliyelinunua, amebakiwa na 4 na namba ya chesisi ya kuchomelewa.

Kilichobaki bila ufumbuzi ni taa ya mbele. Kisekka hatukuipata ya upande ule yenye kioo kizima, kwa hiyo ufa umezibwa kwa gundi maji yasiingie, na tumewaachia oda wauzaji wawili. Hapo ndipo utaona maana ya kununua bodi: kipande kimoja cha taa kimetusumbua kuliko injini nzima.

Na rangi. Mwalimu bado anataka nyekundu, na bodi inastahili. Rangi ya gari imeandikwa kwenye logibuku, hivyo mabadiliko lazima yasajiliwe kabla hajaanza kukutana na askari wa barabarani akiwa na karatasi inayosema jeupe. Tumekubaliana ipigwe likizo ya mwisho wa mwaka, vioo vyote vikiwa vimetolewa, na kutu ya chini ya waipa ikishughulikiwa siku hiyo hiyo.